Fiszel Rotblat, Aliyeitika kwa Jina la Anszel

Baba yetu, Fiszel Rotblat, alizaliwa Radom, Poland, tarehe 9 Machi 1923, mtoto wa pili wa mwoka mikate Icchok na mkewe Sura. Ninyi majirani wa Haifa mmemjua kama Anszel Korn, seremala. Leo tunamzika kwa jina lake, na mna haki ya kujua kwa nini.

Alisoma shule ya dini hadi miaka kumi na mitatu, kisha akafanya kazi kwenye tanuri la baba yake. Agosti 1942 Wanazi waliwachukua wazazi na ndugu zake wote, akabaki peke yake, naye akapelekwa kambi ya kazi ya lazima. Kambini alilala ubavuni mwa Anszel Korn, kijana seremala, na maseremala walikuwa bado wanahitajika, wasio na ufundi wakiuawa. Asubuhi ya tarehe 14 Januari 1944 Anszel hakuamka. Mlinzi alipoita, "Korn!" baba akaitika, "Nipo!" Hakuwa amewahi kushika randa, lakini maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Hakutoka tena ndani ya jina hilo. Alifika Haifa mwaka 1949 na karatasi za Anszel, akafanya useremala miaka thelathini na minne bila kuupenda hata siku moja. Meza yetu ya chakula inayumba mpaka leo. Lakini mkate wake wa Sabato, nani hapa hajaula?

Alimwoa mama yetu, Rejzl, tarehe 6 Juni 1950, na ni mama pekee aliyejua. Mwaka 1987 walikwenda kutazama filamu ya mfungwa wa Kiyahudi aliyeokoka kwa jina la maiti. Mwishoni lango lilifunguliwa, mfungwa akatamka jina lake halisi, watu wakapiga makofi.

"Katoka upesi huyo," baba akasema kwa sauti. "Mimi bado nimo."

"Mzee, tuache tutazame!" akafoka mtu wa nyuma.

Mama akamnong'oneza, "Baba Bracha, na wewe si useme lako?"

"Nikilisema, Anszel atabaki na nini?"

Moyo ulianza kumsumbua mwaka jana. Hospitalini, kila muuguzi alipoita "Korn!" baba alihangaika kusimama wima. Niliona uchungu, na hasira pia. Jumatatu muuguzi aliita tena.

"Korn amekufa, mwanangu," baba akamjibu. "Mimi ni Fiszel." Akanigeukia. "Bracha, mwandikeni na yeye kwenye jiwe langu. Hana kaburi."

Alifariki Jumanne, tarehe 17 Februari 2004. Ameacha mjane, Rejzl. Mimi bintiye, Bracha. Kaka yangu Icchok, na wajukuu watano.

Aliyelala hapa ni mmoja, lakini mkiaga wekeni vijiwe viwili juu ya kaburi, kwa desturi yetu: kimoja chake, kimoja cha Anszel. Wapumzike kwa amani.