Ndoo ya Mdogo Haitui kwa Mkubwa

Benchi letu linatazamana na kiwanja cha Mkubwa, kwa hiyo burudani ni ya bure: siku ya tatu leo tunakunywa kahawa tukimtazama Fundi akipigana na trekta ya marehemu baba yao Mkubwa na Mdogo. Trekta ni kongwe kuliko yeyote kati yetu. Mbele ina mikono miwili ya chuma na ndoo pana ya kuchotea mchanga. Kikao cha ukoo na majirani kiliamua: trekta ya Mkubwa, mikono na ndoo, vya Mdogo. Sasa vitenganishwe, na pini nne zinazoishika mikono kwenye trekta zimekataa katakata. Ndoo iko juu, imeegemezwa magogo, imekodoa macho kama mtu aliyeahidiwa kazi. Ndugu wawili wamekaa kila mmoja ncha yake ya benchi, hawasemeshani. Katikati tumebanwa mimi, Fundi aliyekuja kupumzika, na Profesa, ambaye shule aliiacha darasa la sita, maoni hajayaacha mpaka leo.

— Fundi, vipi leo? nikauliza.

— Vipi nini? Mpini wa nyundo umevunjika, pini haijatikisika.

— Pini ni kama mgeni, Profesa akasema. Siku mbili ibembeleze, ya tatu ipe nyundo.

— Nimeipa nyundo tangu siku ya kwanza!

— Ndiyo maana imenuna.

Mkubwa akakohoa.

— Mwambieni huyo wa mwisho wa benchi, vyuma vyake vinaniozea kiwanjani.

— Na yeye mwambieni atoe trekta yake nyuma ya vyuma vyangu, Mdogo akajibu.

Nikazifikisha salamu zote mbili, ingawa zilikuwa zimeshafika.

— Kwani ndoo si mngeishusha? nikauliza.

— Niliwaomba, Fundi akasema. Uzito wote umezilalia pini. Lakini huyu hataki ndoo yake iguse ardhi ya kaka yake.

— Ikitua tu, kesho nitaambiwa imeota mizizi, Mdogo akasema.

— Na magogo je?

— Ya jirani. Hayana upande.

Profesa akaweka kikombe chini. Hapo ukajua tumekwisha.

— Vyuma vikikaa pamoja miaka arobaini, vinaoana. Fundi, wewe hutafuti spana, unatafuta hakimu. Au basi marehemu mwenyewe kazishika pini kwa ndani. Alikuwa mbishi yule.

— Baba hakuwa mbishi, Mkubwa akasema.

— Alikuwa mbishi sana, Mdogo akasema.

Ndilo neno la kwanza walilojibizana tangu mazishi.

— Ndiyo maana wahenga wakasema, ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.

— Jembe, Profesa? Na trekta je?

— Si ndiyo hiyo wanaichinja!

Tukacheka, ila ncha za benchi hazikucheka.

Ndipo akaja dada yao, anayemfuata Mkubwa kuzaliwa, viatu vya mpira vimeganda tope. Miaka kumi na moja baba alipokuwa kitandani, trekta ile aliiendesha yeye. Mkubwa alikuwa na shughuli, Mdogo alikuwa njiani anakuja. Hakutusalimu. Alipanda, akawasha, akainua ndoo kidogo, Fundi akatoa magogo, naye akaanza kuishusha.

— Dada, usi...

— Kaa.

Mdogo akakaa. Ndoo ikatua. Dada akazima injini, akachezesha wenzo mbele na nyuma mpaka mafuta ndani ya mabomba yakaacha kusukuma. Fundi akasukumia magogo chini ya mikono.

— Gonga.

Fundi akagonga kwa nyundo isiyo na mpini, mara mbili. Pini ikatoka kama jino la mtoto. Zikafuata tatu. Wakafungua mabomba, dada akarudi nyuma na trekta, akaiacha kiwanjani, kifua wazi, mashimo ya bolti yakimetameta grisi.

Akatujia na pini zote nne mkononi.

— Trekta ya kaka. Mikono ya mdogo wangu. Mimi kikao kilinipa nini?

Mkubwa akamtazama Mdogo, Mdogo akamtazama Mkubwa. Birika lilikuwa bado na kahawa, hakuna aliyeligusa.

Mimi nilikuwepo kwenye kikao kile. Nilipiga makofi.