Miaka Miwili ya Dakta Mulualem Desta

Wapendwa waombolezaji, mimi Fikadu Kassa, shemeji yake marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma habari za maisha yake, nitasoma taratibu, maana sote tumechoka.

Dakta Mulualem Desta alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 mjini Debre Markos, Ethiopia, akasoma huko hadi sekondari, akaendelea na chuo kikuu Addis Ababa, na mwaka 1996 akaanza kufundisha sayansi ya udongo. Tarehe 3 Februari 2001 alimwoa dada yangu Wubit, wakajaliwa binti mmoja, Meklit. Novemba 2005, kwa kuwatetea wanafunzi wake waliokamatwa, alifungwa miezi mitano, akatoka na sikio moja lisilosikia.

Agosti 2008 alikuja na familia hapa Columbus, Ohio, akiwa mwalimu mgeni, akatia saini sharti la kurudi kwao kwa miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu. Wenzake wawili waliorudi walikamatwa uwanja wa ndege, ndipo akaomba aondolewe sharti hilo. Kwenye fomu aliandika kwamba alifungwa mwaka 1998, kwa kalenda yetu ambayo iko nyuma kwa miaka saba, nao maofisa wa uhamiaji wa Marekani wakaona kuwa mwaka huo, kwa hesabu yao, alikuwa darasani akifundisha, wakamwona mwongo, wakamkatalia. Wubit alimwambia, “Baba Meklit, hata jela umeileta huku kwa kalenda ya nyumbani?” Alicheka, lakini tangu siku hiyo hakulala vizuri.

Kusahihisha tarehe hiyo moja kulichukua miaka saba ya maombi na rufaa, mashahidi wengine wakafa kabla hawajaulizwa, na mama yake akazikwa yeye akisikiliza kwa simu, kwa sikio lililobaki, maana angetoka Marekani asingeruhusiwa kurudi. Niseme wazi, jambo hilo lilimvunja. Barua ya kumwondolea sharti ilifika tarehe 9 Mei 2017, akaisoma mara mbili, akaikunja, akasema, “Haya, sasa naweza kuugua.”

Figo zilianza kumsumbua mwaka uliofuata, akafariki hospitalini tarehe 22 Januari 2019, Wubit akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta injera na kahawa bila kuitwa, wafanyakazi wenzake, na chama chetu cha kuzikana, kinachousafirisha mwili kesho kwenda Debre Markos, akalale kando ya mama yake.

Shemeji, walikutaka urudi miaka miwili, nasi tunakurudisha usitoke tena. Pumzika kwa amani, hakuna wa kukuuliza tarehe.