Laban Asava na Taji Lililoamuliwa Mezani

Wasifu huu umeandikwa na kusomwa na dada yake Fiona, nyumbani Wodanga, Jumamosi tarehe 24 Novemba 2018, mbele ya familia, majirani na marafiki waliokuja kutoka karibu na mbali.

Laban Asava alizaliwa tarehe 14 Machi 1972 hapa hapa Wodanga, Sabatia, mahali ambapo leo ni Kaunti ya Vihiga. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Fabian Asava na Mama Hannah, ambaye Mungu amemjalia kuwa nasi leo. Nyuma yake nilifuata mimi, na baada ya kimya kirefu akaja kitinda mimba wetu, Arnold. Laban ndiye aliyembeba Arnold mgongoni wakati Mama yuko shambani, na Arnold alijifunza kutembea akishika vidole vya kaka yake. Mama anasema mtoto wake huyu wa kwanza hakujua kudanganya hata ili ajiokoe na fimbo. Mimi niliyechapwa mara kadhaa kwa sababu ya ukweli wake nathibitisha.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1979 katika shule ya msingi iliyo kule chini mtoni, kisha akasoma shule ya upili ya kutwa kuanzia 1987 hadi 1990. Alipenda mpira kupita kiasi, ila miguu yake haikusikizana nao kabisa. Mwalimu wa michezo alichoka kumwonea huruma akamkabidhi filimbi. Hapo ndipo Laban alipojipata. Mwaka 1993 alifanya kozi ya urefa Kakamega, na kwa miaka mingi hakuna mechi ya maana iliyochezwa pande hizi bila yeye kuwa katikati ya uwanja, kaptula imepigwa pasi hadi ina makali.

Mkewe, Roselyne, alimpata kwa filimbi hiyo hiyo. Mwaka 1998 alimpa kadi nyekundu kaka yake Roselyne, na Roselyne akavuka uwanja kuja kumkaripia mbele ya watu. Laban alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamweleza kosa la kaka yake taratibu. Roselyne alikuja na hasira, akaondoka na mwaliko wa chai. Walifunga ndoa kanisani tarehe 11 Desemba 1999, wakabarikiwa watoto wawili, Ronny mwaka 2001 na Stacy mwaka 2004. Huyo shemeji wa kadi nyekundu ndiye aliyekuwa msimamizi wa harusi.

Laban aliendesha lori la majani chai kwa miaka kumi na miwili, kisha tarehe 3 Septemba 2006 akasafiri kwenda Doha, Qatar. Aliishi kambi ya kampuni kule Industrial Area, watu wanane chumba kimoja, na kazi yake ilikuwa kuwapeleka na kuwarudisha walimu wa chuo kikuu kimoja cha Kimarekani chenye tawi huko. Abiria wake mmoja alikuwa Profesa Marvin, mwalimu wa hesabu, mtu mnene, mcheshi, asiyependa kufunga mkanda. Asubuhi moja Laban alisimamisha gari kando ya barabara, akatoa mfukoni kadi ya njano, akamwonyesha. Profesa alicheka hadi machozi, akafunga mkanda, na tangu siku hiyo hakukaa tena kiti cha nyuma.

Ni kwa Profesa Marvin ambako Laban alisikia habari iliyomkaa moyoni kuliko yoyote aliyowahi kuisikia kuhusu mchezo. Kule Marekani, alielezwa, vyuo vina mpira wao, ule wa kushika mikononi na kugongana. Vyuo vikubwa vyenye timu ni zaidi ya mia moja, na kila kimoja kinacheza mechi kumi na mbili hivi kwa msimu, basi. Timu nyingi hazikutani kamwe. Sasa bingwa wa taifa anapatikanaje? Kwa miaka na miaka alipatikana kwa maoni ya watu. Waandishi wa habari walipiga kura yao, makocha wakapiga yao, na ipo miaka waliyotofautiana nchi ikabaki na mabingwa wawili. Baadaye wakachanganya kura na hesabu za kompyuta ili wapate timu mbili za kucheza fainali. Hata hivyo, mwaka 2004 kulikuwa na timu iliyoshinda mechi zake zote na bado ikaachwa nje.

Laban alinipigia simu jioni ile. Mimi nilikuwa nimefika Doha mwaka 2008, nikifanya kazi ya mapokezi katika kliniki ya meno Abu Hamour.

"Fiona, we hebu fikiria. Watu laki moja wamejaa uwanjani, wanapiga kelele, wachezaji wanavunjika mifupa. Halafu bingwa anaamuliwa na watu wameketi kwa meza!"

"Si ni wizi huo?" nikamuuliza.

"Hapana. Wako na timu nyingi na siku chache. Lazima mtu aangalie, apime, aseme. Dada yangu, kuwa refa wa msimu mzima! Refa wa mechi ambazo hazikuchezwa!"

Alisema hayo kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa bahari kwa mara ya kwanza. Nilidhani joto limempanda kichwani.

Lakini Laban alikuwa na sababu yake. Mwaka 2009 yeye na wenzake walikuwa wameanzisha Ligi ya Ijumaa, ya Wakenya na Waganda wanaofanya kazi Doha. Walikuwepo walinzi, madereva, wapishi wa hotelini, wafunga vyuma wa majengo, zaidi ya timu ishirini. Siku ya mapumziko ni Ijumaa peke yake, na hiyo nayo mudir, yaani bosi, akiamua kuna kazi, basi la kampuni linakuja kuwazoa watu uwanjani jezi zikiwa mwilini. Kiangazi hakuchezeki. Timu zote kukutana haikuwezekana, na msimu wa kwanza ulimalizika timu mbili zikijiita bingwa na watu wawili wakishonwa nyuzi. Laban akaleta dawa ya Kimarekani. Makapteni wakapiga kura, timu mbili za juu zikacheza fainali. Ilienda hivyo miaka kadhaa, ingawa Waganda walipigia Waganda, na Wakenya, msinicheke, walipigia kabila.

Mwishoni mwa 2014 Profesa Marvin akaja na habari mpya. Marekani walikuwa wameacha kompyuta. Kuanzia msimu ule, jopo la watu kumi na watatu liliketi na kuchagua timu nne za kucheza nusu fainali. Na kulikuwa na sheria moja. Mjumbe mwenye uhusiano na chuo fulani hutoka chumbani chuo hicho kinapojadiliwa. Laban alirudia sheria hiyo kwa kila aliyemsikiliza, kanisani, kambini, kwenye foleni ya kutuma pesa. Msimu ulioanza mwishoni mwa 2015 tukawa na jopo letu la watu saba. Yeye alikuwa mwenyekiti, Silvesta, Mganda msimamizi wa ujenzi, msaidizi wake. Nesi Cherotich alikuwemo, nami nikatiwa kwa kuwa wanaume wale walihitaji mtu wa kuwanyamazisha.

Msimu huo Arnold, mdogo wetu, alikuwa kapteni wa timu iliyoitwa Walinzi. Alikuja Doha mwaka 2011 kulinda maghala, na mkataba wake ulikuwa unaisha Aprili 2016, asirudi tena. Hakuwahi kugusa kombe. Mwaka huo Walinzi walishinda mechi zao zote. Alikuwa ameshamwambia Mama kwa simu kwamba atarudi na kikombe akiweke juu ya kabati.

Jopo lilikutana Ijumaa tarehe 19 Februari 2016, baada ya swala ya alasiri, katika chumba cha juu cha mkahawa mmoja wa Wahindi pale Najma. Timu tatu zilipita upesi. Nafasi ya nne ikabaki kati ya Walinzi na Wapishi, ambao walikuwa wamefungwa mara moja, na ambao Walinzi hawakubahatika kukutana nao. Laban alisimama, akaniambia, "Fiona, twende." Tukatoka, maana sote wawili tulikuwa damu ya Arnold. Tulikaa kwenye ngazi na vikombe vyetu vya chai ya karak, chini yetu mafundi cherehani na wauza simu wakiendelea na biashara zao.

Baada ya muda mlango ukafunguka, Silvesta akatoa kichwa.

"Refa, samahani. Ile mechi ya Walinzi na Vyuma, nne bila. Wengine humu wanasema wamesikia Vyuma hawakuwa kamili. Ni kweli?"

Vyuma, timu ya wale wafunga vyuma wa majengo, ndio waliokuwa wakiogopwa kuliko timu zote, na ushindi huo ndio uliowabeba Walinzi. Mechi ilichezwa alfajiri nyuma ya magereji, hakuna mtazamaji. Kapteni wa Vyuma alikuwa mtu wa kiburi, hakulalamika kwa yeyote. Aliyejua hali ilivyokuwa ni refa, na refa alikuwa Laban.

Nilimshika mkono, nikamnong'oneza, "Umeshatoka nje. Sheria ni yako mwenyewe. Nyamaza." Na kweli, hakuna ambaye angemlaumu. Silvesta mwenyewe alisema, "Ukitaka usijibu, khalas, basi, tunaelewa, ni ndugu yako."

Laban aliangalia kikombe chake. Halafu akasema, "Aliyetoka ni mwenyekiti. Refa hajatoka. Walikuwa saba. Wengine basi liliwapeleka Lusail kazini. Saba wanaruhusiwa, kwa hiyo nilipuliza mechi ikaanza. Lakini walikuwa saba."

Silvesta alikaa mlangoni kidogo, kama aliyetaka kumpa nafasi ya kuongeza neno. Laban hakuongeza. Mlango ukafungwa. Nawaambia ukweli ndugu zangu, nilikaa kwenye ile ngazi nikimwangalia mtu niliyelala naye kitanda kimoja utotoni, nikaogopa, kama unavyoogopa ukiingia kanisani peke yako.

Wapishi walichaguliwa. Wapishi hao hao wakaenda wakachukua kombe. Arnold alipojua ni neno la nani lililomtoa, alikuja kambini akasema mbele ya watu wote wa chumba kile, "Watu baki walitaka kuniingiza, brathe. Wewe ndiye umenifungia mlango." Aprili ilipofika, Arnold alikodi teksi kwenda uwanja wa ndege. Kaka yake dereva alikuwa ameosha gari tangu asubuhi akimsubiri. Baada ya hapo walipigiana simu kuhusu ng'ombe, karo na dawa za Mama. Neno mpira halikutajwa kati yao, na najua lilimla Laban ndani kwa ndani.

Mwaka 2017 Laban alianza kuumwa kichwa na kuvimba miguu. Alidhani ni uchovu wa kukaa kwenye usukani. Ikagunduliwa ni shinikizo la damu, na figo zilikuwa zimeshachoka. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, akiendelea kutania manesi na kuwaonyesha kadi ya njano walipokosa mshipa. Profesa Marvin alikuwa akija kumtazama, akimletea habari za timu zake. Septemba mwaka huu hali ilibadilika akalazwa.

Tarehe 7 Novemba, saa za kuona wagonjwa, Arnold alipiga simu ya video kutoka hapa nyumbani. Laban hakuweza kushika simu, nikaishika mimi. Walisalimiana, wakazungumza kuhusu mahindi. Halafu Arnold akasema, "Brathe, nikuulize kitu. Usinijibu kama ndugu."

"Uliza."

"Mwaka ule. Wewe uliona timu zote. Nani alikuwa bora?"

Nilitaka kukata simu. Laban alifumba macho. Kisha akasema, polepole, akivuta pumzi kati ya maneno:

"Nyinyi. Wapishi hawangewaweza. Hata Vyuma wakiwa kumi na mmoja, mngewafunga. Nilijua hivyo pale kwenye ngazi."

"Sasa mbona hukuwaambia?"

"Hawakuniuliza hilo, Arnold. Waliniuliza walikuwa wangapi."

Arnold alilia. Hakufunika uso. Laban naye alimwangalia tu kwenye kile kioo kidogo, akitabasamu, akasema, "Leo umeniuliza. Kura yangu ni Walinzi."

Laban Asava alifariki dunia Ijumaa tarehe 9 Novemba 2018, saa nne asubuhi, jijini Doha. Ijumaa hiyo timu zote za ligi zilisimama katikati ya uwanja bila kucheza. Mwili wake ulifika nyumbani kwa mchango wa watu ambao wengi wao aliwahi kuwapa kadi nyekundu.

Ameacha mama yake, Mama Hannah, mjane, Roselyne, watoto, Ronny na Stacy, dada, mimi Fiona, mashemeji, wajomba, shangazi, na marafiki wengi hapa na Qatar. Na ameacha ndugu yake Arnold, ambaye tulipokuwa tukiandika wasifu huu alisema hataki aitwe mdogo wa marehemu tu. Tuandike pia, alisema, kapteni wa Walinzi, bingwa wa mwaka 2016. Jopo zima la familia limekubali, na hakuna aliyetoka chumbani.

Mungu mwenye haki akupokee, kaka yetu, ulale salama.