Kapteni Ghanim Ajitolea Kufagia Bahari

Kila alasiri tukishaswali tunakaa wanne kwenye benchi la mkahawa mmoja hapa Sur, pwani ya Waarabu, karibu na bandari ya wavuvi, tukigombana kwa Kiswahili cha Unguja tulikozaliwa. Ghanim tunamwita Kapteni. Alikuwa karani wa serikali Nizwa, alipostaafu akanunua boti kuukuu la uvuvi, ingawa bahari humtapisha. Mahrous ni Redio, kwa kuwa hanyamazi. Abdullatif ni Kitabu. Mie namimina kahawa.

Alhamisi Kitabu alitusimulia aliyoyasoma: katika vita vikubwa vya zamani, Waingereza walichukua meli za wavuvi wakazitia mizinga, wakazituma kufagia mabomu yaliyotegwa chini ya maji. Wavuvi walewale, nguo zinanuka samaki, wakakokota waya badala ya wavu. Waya hukata mnyororo unaolishika bomu chini, bomu huibuka, hupigwa risasi kwa mbali.

Kapteni akatua kikombe. Akasema vita vikija, boti lake lipo.

Redio akadakia kwamba waya wa nini, wavu watosha. Bomu na jodari vyote vinene katikati.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, yakhe, akamalizia Redio.

Kitabu akaona kasa wa Ras al Hadd wafundishwe kutangulia mbele. Nami, Mungu anisamehe, nikashauri tulipake boti rangi ya kijivu. Tulicheka hadi kahawa ikatumwagikia. Kapteni hakucheka. Alitoa karatasi akaliandikia jeshi la majini, kwa Kiarabu safi cha ofisini, akatutaja sote mabaharia wake. Tukatia sahihi mmoja mmoja. Wallahi, nusu saa ile hapana aliyeumwa na goti.

Ndipo alipofika Bi Ghaliya, mkewe, kumchukua kwa gari. Akaisoma barua yote, akauliza habari za wavu, akaelezwa.

— Baba Shurooq, wavu si mnauvuta wenyewe, mkauingiza botini?

— Ndiyo.

— Basi bomu likishanasa, nani atakayevuta?

Kitabu akavua miwani akaifuta. Kapteni akatutazama mmoja mmoja, nasi tukaitazama barabara ya Al Kamil kana kwamba kuna mgeni anakuja. Mwisho akaikunja barua, akaitia mfukoni mwa kanzu, akamfuata mkewe.

Gari lilipokwisha pinda kona, Redio akatuinamia.

— Mie nilitia sahihi ya shemeji yangu.