Mwalimu Walter Mirumbe na Somo la Wafalme wa Mali

Mchungaji, wazee wetu, akina mama na nyote mliofika hapa Suna, familia imemsimamisha Paul Mirumbe, mdogo wa marehemu na mwalimu mwenzake, awasomee maisha ya kaka yake kama yalivyoandikwa.

Mwalimu Walter Mirumbe alizaliwa tarehe 14 Machi 1922, kifungua mimba wa mzee Werema na mama Milka, akasoma shule ya misheni kule Karungu, na mwaka 1943 akaingia jeshini, akapelekwa Burma, ambako alilala handaki moja na sajenti wa Gold Coast, Ghana ya leo, aliyemweleza kwamba kabla ya Mzungu kulikuwa na dola za kale za Ghana, Mali na Songhai, zenye dhahabu, mahakimu na wasomi, na kwamba masoko, ngoma na enzi za machifu wa kwao vina mizizi humo.

Aliporudi alisomea ualimu, tarehe 8 Desemba 1951 akamwoa Rispa Nyasuguta, wakajaliwa watoto wanne, wawili wako hai.

Baada ya Uhuru aliwafundisha darasa la saba habari hizo, ingawa mtihani haukuziuliza, akisema mtoto asiyejua kwamba Mwafrika aliwahi kutawala ataogopa hata karani. Mwaka 1965 walifaulu watatu kati ya thelathini na wanne. Mzazi mmoja alimuuliza mbele ya wanafunzi, "Hawa wafalme wako wa Mali watamwandika kazi mtoto wangu?" Walimu walitia sahihi barua ya kumshtaki, akafukuzwa Januari 1966.

Akaenda Masara kuchimba dhahabu, ambako wanafunzi wake wa zamani walisimama ukingoni mwa shimo wakimwita Mfalme wa Timbaktoo, naye, matope yakiwa yamemfika kifuani, akawasahihisha kwamba mji huo wa Mali hutamkwa Timbuktu.

Tarehe 16 Mei 1968 shimo liliporomoka, likamvunja kiuno, akalazwa hospitali ya Homa Bay wiki kumi na moja, vidonda vya mgongoni vikaoza, akawa anamwomba kila aingiaye amwitie Paul, na Paul hakwenda. Alifariki Ijumaa, tarehe 2 Agosti, saa tatu asubuhi, Rispa akiwa ametoka kumchotea maji.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wachimbaji waliomfukua kwa mikono yao, na walimu wenzake waliofika leo wamevaa tai. Sahihi ya kwanza katika ile barua ya kumshtaki Mwalimu ilikuwa ya Paul, aliyekuwa akingoja cheo, akakipata, na ni Rispa aliyetaka ayasome haya yeye mwenyewe, mbele ya watu, bila kuruka mstari.

Pumzika, kaka Walter. Paul ameyasoma yote.