Ukurasa wa Arobaini na Moja

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, mdogo wake, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka, na kwa kuwa yeye hakukubali neno lisilo na uthibitisho, nitasoma na tarehe zake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1974, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa mama yetu aliyeketi hapa mbele, akaanza shule mwaka 1981, akawa wa kwanza darasani kila mwaka, na kila mwaka tulisomewa ripoti yake kabla ya kuruhusiwa kula.

Tarehe 3 Septemba 2004 aliajiriwa chuo kikuu, akafundisha hisabati zinazoiwezesha mashine kujifunza, wanafunzi wakambandika jina la Panga, maana maksi alizikata bila huruma. Alimwoa shemeji yetu, mkunga, tarehe 17 Julai 2006, wakajaliwa mabinti wawili, ambao hata kadi walizomwandikia alizirudisha zikiwa na wino mwekundu.

Mimi pia nilikuwa mwanafunzi wake. Tarehe 22 Mei 2009, katika mtihani wangu wa mwisho wa marudio, alitaka tuthibitishe kwamba mashine inayopunguza makosa yake kidogo kidogo, kama mtu anayeshuka bondeni amefumba macho, hatimaye hufika chini, nikajaza kurasa tatu, nikasahau mstari mmoja, kwamba hatua lazima ziwe ndogo, la sivyo mtu analiruka bonde na kutua ng'ambo, akanipa thelathini na tisa, na kufaulu ni arobaini. Mama alimpigia magoti ofisini, akajibiwa kuwa hisabati haina undugu, nami nikafukuzwa chuo.

Nikafungua kibanda cha fotokopi getini, na kwa miaka kumi na tano nikatoa nakala za notsi zake za darasani, ambazo ukurasa wake wa arobaini na moja una uthibitisho ule ule, bila mstari ule ule. Niliona wiki ya kwanza, nikanyamaza, mwenye macho haambiwi tazama, na watoto wa watu walioukariri ukurasa huo walifelishwa kwa mstari ambao yeye alidhani amewafundisha. Hilo ni langu, silikani.

Tarehe 11 Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akataka notsi zile ziwe kitabu kabla hajaondoka, akaniita kitandani nizikague, kwa kuwa hakuna aliyeziona mara nyingi kuliko mimi. Nikazisoma siku sita, nikamwambia hazina kosa, akanishika mkono, akalia, akasema siku ile alipaswa kunipa arobaini. Kitabu kilikuwa kimebakiza siku nne kupelekwa kuchapwa. Nikakiacha kiende hivyo hivyo. Alifariki tarehe 30 Aprili, saa nne asubuhi, na mabinti zake wamemlaza nacho kifuani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliotuazima viti na sufuria, na wahadhiri wenzake, ambao tangu jana wanakisifu kitabu bila kukifungua, nakala zenu ziko mlangoni.

Lala kwa amani, kaka. Mstari wako ninao mimi.