Fundi Kamaludin na Boti Iliyolemea Tezi

Bwana Kamaludin Abubakr anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufunga na kutengeneza mashine za boti katika karakana ya ushirika wetu, Kizingitini. Hapendi kusifiwa. Leo atavumilia.

Alianza kwa kuosha plagi kwa petroli. Baadaye manahodha wakawa wanamletea boti zilizoshindikana kwingine. Boti isipokimbia, watu hutaka mashine kubwa zaidi. Yeye hutazama kwanza jinsi ilivyofungwa: imezama mno, au imelalia nyuma mno? Huiinua kidogo, huhamisha pini inayoshikilia mlalo wa mashine, na boti huruka. Chai anayopika, hata hivyo, hainyweki mpaka leo.

Boti ya wagonjwa ndiyo iliyompa taabu. Nahodha wake, Wazir, rafiki ya Kamaludin tangu utotoni, alipotea baharini. Boti ilikutwa ikizunguka peke yake, mashine ikiunguruma. Mwili haukupatikana. Tulimswalia sala ya ghaibu, tukarudi kazini. Tangu hapo boti ikawa inakaa tezi, yaani nyuma, chini, na omo, yaani mbele, juu, kana kwamba mtu mzima ameketi nyuma kando ya mashine. Tulifungua mbao za sakafu kutafuta maji, tukakuta pakavu. Kisha Bi Nusra wa hapa kijijini akashikwa na uchungu, mtoto akakataa kutoka, na hospitali iko Amu, mjini Lamu. Boti ikawa inajikokota tu. Tuliogopa kuwapoteza wote wawili.

Kamaludin aliirudisha gatini, akaifunga mashine upya. Alichomeka kipande cha mbao kuipandisha, akahamisha pini ili mguu wa mashine, wenye propela, usogee karibu na boti, kama afanyavyo nyuma kukiwa na abiria mzito. Idris, nahodha mpya, alimwuliza ni abiria gani huyo. Alijibu tu, "Mwateni, yuwapo kazini," yaani tumwache, yupo kazini. Boti ikakimbia, Nusra akajifungua salama. Tangu siku hiyo hakuna aliyekalia pale nyuma. Mimi si mtu wa kuamini mambo haya, lakini nami sikukalia.

Jumatatu ya wiki hii Kamaludin alikabidhi funguo, akazipitia boti zote akizigusa, akaenda zake nyumbani kwa miguu. Kesho yake Idris alipotoka na boti ya wagonjwa, propela ilimeza hewa ikapiga kelele, na omo likajichimbia majini. Tezi ilikuwa imeinuka. Hapakuwa na kitu kilichoshushwa. Tuling'oa ile mbao, tukairudisha pini ilipokuwa zamani, na boti ikatulia sawa juu ya maji. Tulirudi gatini.

Bwana Kamaludin, ahsante kwa kila mgonjwa aliyefika Amu akiwa hai. Karakana imepooza bila wewe, na tunaona uchungu. Tunakutakia maisha mema nyumbani kwako. Mwambie Wazir boti tutaitunza.